Mdau Asiyealikwa Kikaoni



Kila wiki katika miji yetu kuna kikao cha wadau mahali fulani. Wadau wa korosho, wadau wa utalii, wadau wa bodaboda, wadau wa maji. Bango limeshatundikwa, chupa za maji zimepangwa mezani, mgeni rasmi amechelewa, na jioni watu wanapanga foleni kutia saini karatasi ya posho. Azimio la kwanza huwa ni kuunda kamati, na la mwisho ni kuitisha kikao kingine. Simlaumu mtu anayeguna akisikia tu tangazo lake.

Lakini nyuma ya bango lile kuna nadharia ya uongozi wa biashara, na nadharia hiyo ina mwenyewe, ina mwaka wake, na ina wapinzani wake wakali. Mwenyewe ni R. Edward Freeman, Mmarekani aliyesomea falsafa kabla ya kuingia katika shule za biashara. Mwaka 1984 alichapisha kitabu kuhusu mikakati ya makampuni, akasema jambo ambalo leo linasikika la kawaida kabisa: mkurugenzi hawezi kuiongoza kampuni huku jicho lake liko kwa wenye hisa peke yao. Awatazame wafanyakazi, wateja, wanaomuuzia malighafi, wanaomkopesha, serikali, na watu wanaoishi pale kampuni ilipojenga. Kwa Freeman, mdau ni yeyote anayeweza kuathiri kampuni inapotafuta malengo yake, au anayeathiriwa nayo.

Shika hiyo sehemu ya pili, ya anayeathiriwa. Leo nataka tuifuate hadi Mombasa, kwa sababu naona huko ndiko nadharia ilikopimwa kwa mizani ya kweli, na matokeo yake yanawahusu wote wanaoifundisha na wanaoitumia.

Owino Uhuru ni mtaa wa watu wa kipato kidogo upande wa Mikindani, nje ya kisiwa cha Mombasa. Kuanzia mwaka 2007 hivi, ukuta kwa ukuta na nyumba za wakazi, kilifanya kazi kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari ili kupata madini ya risasi. Kilikuwa na leseni ya uzalishaji wa bidhaa za kuuza nje ya nchi. Kazi yenyewe ni hivi: betri inavunjwa, tindikali inatoka, vile vibamba vya ndani vinatiwa katika tanuri, risasi inayeyuka na kumiminwa kuwa vipande vya kusafirishwa. Mambo mawili hayasafirishwi. Moshi na vumbi hubaki pale pale, na maji machafu hutafuta mtaro.

Risasi haina haraka. Huingia mwilini kwa pumzi, kwa maji, kwa vidole vya mtoto aliyekuwa akicheza chini. Hukaa katika damu, kisha hujificha katika mifupa. Kwa mtoto huharibu ubongo unaokua, na mtoto huyo hatalalamika, maana hajui angekuwa na akili gani lau asingeivuta. Kwa mama mjamzito inaweza kuharibu mimba. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Sasa, msikilizaji, sikiliza jambo hili kwa makini. Mwaka 2009 kiwanda kile kilimwajiri mwanamke mmoja, Phyllis Omido. Kazi aliyopewa ilikuwa ya kushughulikia uhusiano wa kiwanda na jamii inayokizunguka. Kwa hiyo dawati la wadau lilikuwapo. Miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kuandaa ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Alishirikiana na wataalamu, na ripoti ikatoka na jibu lisilo na mafumbo: mahali pale hapafai kwa kazi ile, kiwanda kihamishwe. Wakubwa wake hawakuipokea. Akahamishiwa kazi nyingine.

Muda si mrefu mwanawe mchanga akaugua, na madaktari wakahangaika kutafuta ugonjwa hadi walipopima damu yake na kukuta risasi. Omido akaacha kazi. Watoto wengine wa mtaa walipopimwa, ikawa yale yale. Hapo likaanza la barua, la kubisha hodi maofisini, la maandamano, na mwaka 2012 likafika la kukamatwa na polisi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata mama huyo alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira, ambayo huko nje huheshimiwa sana, na mwaka 2016 kesi ya wakazi ikafunguliwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa.

Hukumu ilitoka tarehe 16 Julai 2020: fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na amri ya kusafisha udongo na maji ya eneo lile ndani ya miezi minne, la sivyo zilipwe milioni 700 zaidi kwa ajili ya usafishaji huo. Wakazi walishangilia mapema. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa iliiondoa ile fidia na kutaka hesabu ifanywe upya. Wakapanda tena ngazi, na mwezi Desemba mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha. Hesabu mwenyewe: miaka kumi tangu moshi uzimwe.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu ukilipeleka katika darasa la maadili ya biashara linavuruga mpango wa somo. Somo la kawaida linasema kampuni mbaya ni ile isiyowajua wadau wake. Hii iliwajua. Iliwaajiria afisa. Afisa akauliza, akaandika, akakabidhi. Kila hatua iliyopendekezwa na vitabu ilikuwa imetimizwa, ila ile ya mwisho, ambayo vitabu vingi haviitaji: kwamba mdau akisema hapana, kitu fulani kisimame.

Kabla hatujamrudia Freeman, tumpe nafasi hasimu wake, maana ni mtu mwenye hoja. Milton Friedman, mchumi wa Chicago, tarehe 13 Septemba 1970 aliandika katika jarida la gazeti la New York Times kwamba wajibu wa biashara kwa jamii ni kuongeza faida yake. Makala hiyo imetukanwa kwa zaidi ya nusu karne, mara nyingi na watu ambao hawakuisoma. Hoja yake ilikuwa kwamba mkurugenzi ni mwajiriwa wa wenye mali. Akichukua fedha zao na kuzitumia kwa wema anaouchagua yeye, anatoza kodi bila kupigiwa kura na mtu yeyote, kisha anaamua matumizi yake pia. Anayeona hoja hii ni ya mabepari wa Marekani peke yao, amfikirie mwenyekiti wa chama chake cha akiba na mikopo anayekwenda kwenye harambee na kutangaza mchango mnono kwa fedha za wanachama. Makofi anapigiwa nani?

Tena Friedman aliweka sharti ambalo wafuasi wake hulisahau. Faida itafutwe ndani ya kanuni za mchezo, kwa ushindani wa wazi, bila hila wala udanganyifu. Kama kiwanda kinaharibu hewa, hilo ni la serikali: itunge sheria, iweke mkaguzi, itoze faini. Mchezaji afunge magoli, na mwamuzi apulize filimbi.

Ni mpango mzuri, hadi unapouliza mwamuzi wa Owino Uhuru alikuwa wapi. Hukumu ya mwaka 2020 haikuishia kwa wenye kiwanda. Iliitia hatiani Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Ikaitia hatiani mamlaka inayosimamia maeneo ya uzalishaji wa bidhaa za kuuza nje. Ikazitia hatiani wizara ya mazingira na wizara ya afya. Leseni zilitolewa na serikali, na aliyepaswa kupuliza filimbi akaitwa kizimbani pamoja na mchezaji. Kwa hiyo jibu la Friedman, kwamba serikali itaangalia, lilikuwa limeshajaribiwa pale, kwa gharama ya watoto. Halafu kuna jambo ambalo Friedman alilipitia juu juu: makampuni makubwa hayasubiri kanuni zitungwe. Huwa na watu wao katika korido za bunge na wizara, wakisaidia kuziandika.

Basi Freeman kashinda? Hapana. Kwangu mimi, Friedman aliiamini serikali kupita kiasi, na Freeman akamwamini meneja kupita kiasi. Kitabu cha 1984 kiliandikiwa mameneja. Kiliwafundisha kuchora kampuni katikati na wadau kuizunguka, mishale ikienda huku na huku. Ukiutazama mchoro ule sana utaona kwamba kalamu iko mkononi mwa meneja. Yeye ndiye anayeamua nani yumo, nani yuko karibu, na nani amesahaulika kuchorwa.

Watafiti waliliona hilo mapema. Mwaka 1997, Ronald Mitchell, Bradley Agle na Donna Wood walichapisha makala ambayo kila mwanafunzi wa shahada ya pili ya biashara hukutana nayo. Waliuliza meneja huwasikiliza nani hasa, na wakajibu kwamba hutazama mambo matatu: je, huyu ana nguvu ya kunitikisa, je, madai yake ni halali, na je, yana haraka? Mwenye yote matatu, meneja huinuka kitini kumpokea. Mwenye moja tu anaweza kuachwa asubiri barazani. Halafu kuna kundi moja ambalo lilinishika nilipolisoma mara ya kwanza: wenye madai halali, tena ya haraka, lakini hawana nguvu. Waandishi waliwaita wategemezi, kwa sababu hawapati kitu mpaka mtu mwingine mwenye nguvu awabebe.

Mfano waliotoa ulikuwa wa Alaska. Tarehe 24 Machi 1989 meli ya mafuta Exxon Valdez iligonga mwamba katika ghuba ya Prince William Sound, na lita zipatazo milioni 40 za mafuta ghafi zikaingia baharini. Wakazi wa pwani ile, wavuvi, ndege na fisi maji, wote walikuwa na dai, na dai lenyewe halikuweza kusubiri. Nguvu hawakuwa nayo. Waliipata kwa kuazima, kutoka serikali ya jimbo na kutoka mahakamani. Na hata nguvu ya kuazima hupunguka njiani: mwaka 1994 baraza la wazee wa mahakama liliamua kampuni ilipe adhabu ya dola bilioni 5, na mwaka 2008, baada ya rufaa juu ya rufaa, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaishusha hadi dola milioni 507 na nusu. Wavuvi wengi walikuwa wameshakufa.

Ukiziweka Alaska na Mikindani pamoja, utaona njia ni ile ile, isipokuwa Owino Uhuru hata serikali haikuwabeba. Aliyewabeba ni mtu aliyekuwa ameajiriwa na kiwanda.

Ila kuna kitu kilichoipata makala ile ya 1997 ambacho waandishi wake hawakukikusudia. Wao walieleza mameneja wanavyofanya. Hawakusema ndivyo inavyopaswa kuwa. Lakini nadharia ikitoka chuoni na kuingia ofisi za washauri wa biashara hubadilika tabia. Leo utaletewa kile kinachoitwa ramani ya wadau: kisanduku chenye vyumba vinne, nguvu upande mmoja, maslahi upande mwingine. Mwenye nguvu nyingi na maslahi mengi, mshirikishe kwa karibu. Mwenye maslahi mengi na nguvu ndogo, mpe taarifa. Sikiliza tena hilo, msikilizaji. Mama anayekaa ukuta kwa ukuta na tanuri la risasi ana maslahi makubwa kuliko mtu yeyote duniani katika jambo lile, maana ni damu ya mwanawe, na ramani inasema apewe taarifa. Maelezo ya udhaifu wa mameneja yamegeuzwa kuwa mwongozo wao wa kazi.

Kuna njia nyingine ambayo wasomi wengi wameitumia kuwaokoa wadau wanyonge, nayo ni kuthibitisha kwamba wema unalipa. Mfano wake maarufu kuliko yote ni wa Johnson & Johnson. Mwaka 1982, katika eneo la Chicago, watu saba walikufa baada ya kumeza dawa ya maumivu ya Tylenol ambayo mtu fulani alikuwa ameitia sumu madukani. Kampuni ikakusanya chupa zipatazo milioni 31 kutoka madukani nchi nzima, kwa hasara ya zaidi ya dola milioni 100, ikabuni vifuniko visivyofunguka bila kujulikana, na baada ya muda ikarudi sokoni na kushika nafasi yake. Hadithi hii husimuliwa katika shule za biashara mithili ya hekaya ya mtakatifu. Mimi sina neno baya juu ya uamuzi ule. Nauliza tu: walioguswa walikuwa nani? Wanunuzi. Watu ambao wangeweza kuiua kampuni ile kwa kuacha kununua. Walikuwa na nguvu, uhalali na haraka, vyote kwa pamoja. Kesi hiyo ni rahisi kimaadili, hata kama ilikuwa ghali kifedha, na ndiyo tunayowafundishia vijana ujasiri wa kimaadili.

Risasi ya Mikindani ilikuwa ya kuuzwa nje. Mnunuzi wake hakukaa Mikindani, na kipande cha risasi hakina sura ya mtoto. Hakuna namna ya kumshawishi mwenye tanuri kwamba kulihamisha kutamletea wateja. Wema pale ulikuwa hasara tupu, na hapo ndipo unapohitajika.

Utafiti wa kutafuta kama wema unalipa umekuwa kiwanda kizima. Mwaka 2003 Joshua Margolis na James Walsh walikusanya tafiti 127 zilizochapishwa kati ya 1972 na 2002, zote zikipima uhusiano wa mwenendo wa kampuni kwa jamii na mapato yake. Kwa jumla zilielekea kuonyesha uhusiano mwema kidogo, lakini vipimo vilikuwa vya kila aina na hitimisho likabaki na mashaka. Kilichonivutia zaidi kwao ni kwamba walilishuku swali lenyewe. Anayeuliza kama kutomdhuru jirani kunalipa ameshakubali kwamba kusipolipa kuna la kujadili. Thomas Donaldson na Lee Preston walikuwa wamesema jambo la karibu na hilo mwaka 1995: nadharia ya wadau inaweza kueleza mambo yalivyo, inaweza kushauri njia ya kupata faida, lakini kiini chake ni cha kimaadili, kwamba maslahi ya wadau yana thamani kwa haki yake yenyewe. Huku kwetu Pwani wanafikihi wana kanuni kongwe, ya mtu kutodhuru wala kudhuriana na mwenziwe, na hakuna anayedai kwanza aonyeshwe hesabu.

Nikishataja mambo ya kwetu, najua kuna msikilizaji anayesubiri niseme utu. Wapo wasomi wa Kiafrika wanaosema sisi hatukuhitaji kumsubiri Freeman, kwa kuwa falsafa ya utu, ambayo kusini mwa Afrika huitwa ubuntu, ilishasema mtu ni watu. Sina ugomvi nao katika hilo. Ninachokiona ni kwamba moja ya makala zinazotajwa sana za uwanja huo, ya Mzamo Mangaliso ya mwaka 2001, tangu kichwa chake inazungumzia ubuntu kama nyenzo ya kuishinda kampuni shindani. Hata utu umeingizwa katika mizania. Na kiwanda cha Mikindani kilijengwa katika ardhi ya utu, kikapewa leseni na maofisa waliolelewa kwa utu.

Sasa turudi kwa wakubwa. Mwezi Agosti mwaka 2019, umoja wa wakurugenzi wakuu wa makampuni makubwa ya Marekani, unaoitwa Business Roundtable, ulitoa tamko. Wakurugenzi 181 walitia saini kwamba kampuni zao zitawatumikia wadau wote: wateja, wafanyakazi, wauzaji, jamii, na wenye hisa. Magazeti yakaandika kwamba zama za Friedman zimekwisha. Wanasheria wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Lucian Bebchuk na Roberto Tallarita, wakafanya kitu rahisi. Waliziandikia kampuni hizo kuuliza kama tamko lile lilipitishwa na bodi. Karibu zote zilizojibu zilisema hapana, mkurugenzi alitia saini mwenyewe. Mkurugenzi asiyeweza kununua kampuni ndogo bila idhini ya bodi aliweza kubadilisha lengo zima la kampuni kwa kalamu yake. Jibu la wale wanasheria lilikuwa kwamba hakuna aliyedhani kitu chochote kinabadilika.

Tusicheke sana, maana sheria zetu zinafanana na tamko hilo. Sheria ya Makampuni ya Kenya ya mwaka 2015, kifungu cha 143, inafuata nyayo za sheria ya Uingereza ya 2006. Inamtaka mkurugenzi aiendeleze kampuni kwa manufaa ya wanachama wake, na wanachama hapo ni wenye hisa, huku akizingatia maslahi ya wafanyakazi, uhusiano na wauzaji na wateja, na athari kwa jamii na mazingira. Mkurugenzi azingatie. Asipozingatia, anayeweza kumpeleka mahakamani kwa niaba ya kampuni ni mwanachama. Mkazi wa Owino Uhuru hana hisa, kwa hiyo kifungu kile kinamtaja bila kumpa mlango.

Mlango waliopita wakazi wale haukuwa katika sheria ya makampuni hata kidogo. Ulikuwa katika Katiba ya 2010: ibara ya 42, inayompa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na ibara ya 70, inayomruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa, bila hata kulazimika kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara. Tanzania nayo, kupitia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inampa mtu nafasi ya kudai haki ya namna hiyo mahakamani. Walimu wa biashara wakiifundisha nadharia ya wadau bila kufungua vifungu hivi, wanafundisha tabia njema ya wenye nguvu. Wenye haki hawamo katika somo lao.

Na kuna mfano mmoja wa biashara ambao naona unafaa kupewa saa nyingi kuliko Tylenol. Tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza karibu na Dhaka, Bangladesh, lilianguka na kuua watu 1,134, wengi wao wakiwa washona nguo za kampuni za Ulaya na Marekani. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Benki iliyokuwa ndani ya jengo lile iliwaondoa watu wake, na washonaji wakaambiwa warudi kazini. Benki na mshonaji waliona ufa ule ule. Tofauti ilikuwa nani anaweza kukataa bila kupoteza mshahara wa mwezi.

Kabla ya hapo kampuni hizo za nguo zilikuwa na kanuni zao za maadili, zimechapwa kwa rangi, na wakaguzi waliopita na karatasi zao. Baada ya vifo vile, mwezi Mei mwaka huo huo, vyama viwili vya kimataifa vya wafanyakazi, IndustriALL na UNI, vilizifikisha kampuni hizo mezani, na hatimaye zaidi ya 200 zikatia saini mkataba wenye nguvu ya kisheria. Wakaguzi wa majengo waliajiriwa chini ya mkataba wenyewe, ripoti zikachapishwa wazi, mfanyakazi akapewa haki ya kukataa kuingia jengo la hatari, na kampuni iliyovunja ahadi iliweza kushtakiwa mbele ya wasuluhishi. Si vitisho vya karatasi: vyama hivyo vilizipeleka kampuni mbili kwenye usuluhishi huko The Hague, na moja ya mashauri hayo lilimalizika mwaka 2018 kwa kampuni kukubali kulipa zaidi ya dola milioni 2. Maelfu ya viwanda vilikaguliwa na kurekebishwa.

Mkataba ule ulikuwa na kasoro zake, na wenye viwanda wa Bangladesh walilalamika, tena kwa haki, kwamba gharama kubwa ya ukarabati iliangukia kwao huku wanunuzi wa nje wakiendelea kushusha bei. Lakini uweke kando ya tamko la 2019. Tamko lilitajwa duniani kote na halikumpa mtu yeyote kitu cha kushika mkononi. Mkataba wa Dhaka ulimpa mshonaji asiyejulikana kwa jina mahali pa kwenda na karatasi ya kwenda nayo.

Kwa hiyo kiwanda kikija mtaani kwako kesho, na ukabahatika kualikwa kwenye kikao cha wadau, usiulize watachangia madawati mangapi shuleni. Uliza ripoti ya vipimo vya hewa na maji itabandikwa wapi, kila baada ya muda gani, na atakayepima analipwa na nani. Uliza kama makubaliano ya leo yataandikwa kuwa mkataba ambao wakazi ni upande mmojawapo, wenye saini yao, na kifungu kinachosema vipimo vikivuka kiwango tanuri linazimwa siku hiyo hiyo, kabla ya kamati kuundwa. Ukijibiwa kwamba hayo ni ya kitaalamu na yatashughulikiwa baadaye, omba jibu hilo liandikwe katika kumbukumbu za kikao, pamoja na jina la aliyelitoa.

Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutazungumza juu ya vyama vya ushirika, ambako mwenye hisa na mfanyakazi wakati mwingine ni mtu mmoja, na hata hivyo hugombana.